Shukrani kwa dada wa darubini ya dirishani

Wewe dada uliyekaa kwenye darubini ya dirishani, siku ya mazoezi ya vitendo katika kongamano la kimataifa la rotifa, wale viumbe wadogo mno wa majini: beji yako ilikuwa imegeuka, nami kwa aibu sikukuuliza jina. Asante sana.

Nilikuwa nimeshaponda rotifa watatu chini ya kioo. Mdudu mwenyewe hafiki hata nusu milimita, halafu ukimgusa tu anajikunja donge, yale magurudumu yake ya vinyweleo huyaoni tena; utamtambuaje? Hukunicheka. Uliweka vipande vinne vya nta pembeni ili kioo kisimlalie, kisha ukadondosha tone la klorini ukingoni. Mwili ukayeyuka polepole, yakabaki mataya peke yake, yanang'aa, meno yanahesabika.

"Haya, soma hayo," ukasema, ukarudi kwenye kiti chako.

Mihadhara ya ukumbini ilikuwa mizuri, sikatai, ingawa mmoja ulinisinzisha. Ila spishi yangu niliijua kwa lile tone lako. Nta uliyoniachia bado ninayo, kimebaki kipande kidogo.