Diwani apimwe kwa bajeti, si kwa matanga

Mhariri,

Uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 unakaribia, na wanaomezea mate viti vya udiwani wameshaanza kufurika kwenye harambee na matanga. Huko ndiko wakazi wa wadi nyingi za mashambani wanakowapimia viongozi wao: nani katoa ngapi, nani kaleta hema, nani kaondoka mapema. Kenya ina wadi 1,450, na kipimo hiki kimewarudisha nyumbani madiwani wengi waliojua kazi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka diwani awe karibu na wapigakura, awasilishe maoni yao katika bunge la kaunti na ahudhurie vikao vya bunge na vya kamati. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti. Basi anayejipiga kifua kwamba "amejenga" zahanati anajitwalia sifa za idara na mkandarasi. Yeye kazi yake ilikuwa kuipigania katika bajeti, kisha kuuliza maswali ilipokwama.

Kupigania bajeti kuna msimu wake. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti huwasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata. Kufikia Februari 28 huja waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka kikomo cha matumizi ya kila idara, na bunge hupewa siku 14 kuujadili. Makadirio yenyewe huletwa kufikia Aprili 30, yapitishwe kufikia Juni 30. Diwani akizinduka Mei kudai barabara, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka nyongeza yoyote ifidiwe kwa kupunguza fungu jingine. Atamkata nani? Kwale, kwa mfano, ina wadi 20, na wenzake 19 nao wana vya kwao vya kulinda. Hapo hubaki kuahidiwa bajeti ya ziada, na ahadi hiyo wengi wameingia nayo kaburini kisiasa. Diwani mjuzi hufanya vita vyake Februari, tena ndani ya kamati, ambako afisa wa idara hawezi kujificha nyuma ya hotuba.

Wananchi nao wasome maneno ya bajeti. Mstari unaosema "ukarabati wa barabara za wadi" ni mtego, kwa sababu fedha hizo zaweza kupelekwa popote. Mstari mzuri unataja barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, ni kilomita ngapi, na kalvati ngapi za kupitishia maji chini ya barabara zitawekwa. Greda likipita bila kalvati wala mitaro ya kutolea maji pembeni, changarawe yote huishia bondeni masika ya kwanza. Ratiba pia huua barabara. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mgao wa kitaifa ukichelewa na zabuni ikavutana, changarawe humwagwa Machi, mvua ndefu ikiwa mlangoni. Kufikia Juni mkandarasi anadai malipo ya barabara isiyopitika. Kwa hivyo swali la kumwuliza diwani mwezi wa Oktoba ni kama zabuni imetangazwa. Kwanza lakini ahakikishe barabara yenyewe ni ya kaunti. Iliyo chini ya mamlaka za kitaifa, yaani KeNHA ya barabara kuu au KeRRA ya barabara za mashambani, bunge la kaunti haliipangii bajeti. Madarasa ya msingi na sekondari vilevile ni mzigo wa serikali ya kitaifa, na fedha za NG-CDF, mfuko wa kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, haziko mikononi mwa diwani. Chekechea ndizo za kaunti.

Zahanati ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nani anajua kazi. Majengo yaliyopakwa rangi na kufungwa kufuli yapo katika kaunti nyingi, na sababu si fumbo. Ujenzi hulipwa kutoka bajeti ya maendeleo, ilhali mishahara ya wauguzi na dawa hutoka kwenye matumizi ya kawaida. Diwani akishinda fungu la kwanza akalala, anapata ukuta na bati. Anapaswa kufuatilia hati ya ardhi kabla ya msingi kuchimbwa, maji na umeme katika gharama za mkandarasi, wauguzi kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, na usajili wa kituo, bila kusahau fedha za dawa. Wauguzi waombwe mwaka ule ule ujenzi unapoanza, maana kuajiri kunachukua muda.

Kutoonekana kijijini Jumanne hadi Alhamisi kusihesabiwe dhambi, kwa kuwa mabunge mengi ya kaunti hukutana siku hizo. Dhambi ni kutoonekana bungeni: Katiba, ibara ya 194, inasema atakayekosa vikao vinane bila ruhusa ya spika kwa maandishi, na bila maelezo ya kuridhisha, hupoteza kiti. Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, humwonyesha aliyezungumza na alichosema. Isomwe kabla ya kura.

Na diwani akiziba masikio, wakazi wanaweza kupeleka ombi lao bungeni wenyewe kupitia kwa karani wa bunge. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, likieleza tatizo, hatua ambazo zimeshachukuliwa na kama suala liko mahakamani. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole. Mwishoni bunge liambiwe bayana linaombwa kufanya nini. "Tusaidiwe barabara" haitoshi, liulizwe kwa nini kilomita kadhaa zilizo katika bajeti ya mwaka fulani hazijatengenezwa, na afisa gani ataitwa kujibu.

Mkazi wa Kinango,
Kwale