Taka zako hazijawa umeme, ndo maana bado unalipia

Wiki iliyopita kwenye grupu la wasap la mtaa, dada mmoja mteja wetu wa siku nyingi katuandika kwamba sisi wezi wa mchana kweupe, eti tunachukua taka zao, tunaenda kuuza zinafuliwa umeme, halafu mwisho wa mwezi tunarudi kudai elfu tano. Watu wakamwaga emoji za kucheka. Huyo ni wa tano au wa sita mwaka huu kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mzigo wenu unaishia dampo la Pugu Kinyamwezi hapa Dar, hakuna umeme pale. Kirikuu inakula mafuta mpaka huko, ushuru wa dampo, dereva, vijana wawili, glavu zinachanika kila siku. Chupa za plastiki ndo tunauza, sifichi, na hiyo hela ndo inanunua hizo glavu.

Haya tuseme mtambo wa kuchoma taka kupata umeme upo. Addis Ababa wanao, unaitwa Reppie, ulizinduliwa 2018 pale pale kwenye dampo la Koshe lililoporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya mia. Ulijengwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Shida ni kwamba taka za miji yetu zimejaa maji, zaidi ya nusu ni maganda na viporo, sasa moto unahangaika kukausha ndizi kwanza ndo uje kuchemsha maji ya kuzungusha mashine. Kipimo kinachotumika ni taka kuwa na joto la kama megajuli 7 kwa kilo, ikishuka sana chini ya hapo unaongezea mafuta, yaani unachoma dizeli upate umeme wa taka!

Na taka mbichi zikishusha joto ndo moshi unakuwa sumu. Plastiki kama PVC ikiungua vibaya inatoa sumu inayoitwa dioksini, ndo maana Ulaya sheria inataka gesi ya moto huo ikae kwenye joto la nyuzi 850 kwa sekunde 2, bado vichujio, na vichujio ni hela ndefu. Jivu nalo halipotei, choma tani nne unabaki na karibu tani moja, na lile linalonaswa kwenye vichujio lina madini ya sumu, huwezi kwenda kulimwaga shimoni tu. Sisemi mtambo ni mbaya, taka zikioza dampo zinatoa gesi ya methani ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi, so mtambo unaotunzwa una nafuu yake. Ila utaupa nini ule, kiroba kinachovuja maji ya pilau?

Sasa kuna wale wajanja wa "kama kuchoma ndo umeme basi nachoma mwenyewe". Mzee mmoja Tabata alisitisha huduma miezi minane, akaokoa elfu arobaini, anachoma pampasi na mifuko nyuma ya nyumba, jirani ana mtoto wa pumu. Serikali ya mtaa ikamkalisha kikao, faini juu, halafu akatuita tubebe rundo lililogoma kuungua, tripu mbili za kirikuu, elfu thelathini na tano kila moja. Akasema tunamkomoa. Mzee wangu, lile rundo tulilichota kwa koleo asubuhi nzima.

Mwingine kafunga jivu la mkaa bado lina moto ndani ya kiroba, guta letu likawaka barabarani, bodi la mbao lote likaisha. Mpaka leo hajatulipa.

Tunachoomba ni ndoo ya mbichi peke yake na kiroba cha vikavu. Mbichi anachukua jamaa anayefuga funza wa chakula cha kuku. Anayetenganisha tunampunguzia elfu moja, analipa nne, na dada yetu wa grupu tumeshamwambia. Kimanga tunapita Jumatano saa moja asubuhi, na jivu la mkaa limwagieni maji tangu usiku.