Ajali Virginia, kesi Pennsylvania: sheria ni ya nani?

Ndugu Mhariri,

Jamaa zetu wengi walioko Marekani huamini kwamba aliyegongwa nje ya jimbo lake hudai fidia kwa sheria ya jimbo anakoishi. Wengine hushikilia kwamba ni ya pale ilipotokea ajali, basi. Swali la kwanza ni kesi inafunguliwa wapi, kwa sababu mahakama hutumia kanuni za jimbo lake kuchagua sheria. Hata mahakama ya shirikisho hufuata kanuni za jimbo ilimo; Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1941.

Tuseme wakazi wawili wa Pennsylvania wamegongana Virginia. Hasara ya mdai ni dola 100,000, naye ameonekana kuchangia uzembe kwa asilimia 10. Akifungua kesi Virginia, sheria itakuwa ya mahali pa ajali, na sheria ya Virginia ni kali: ukichangia uzembe uliosababisha ajali, hata kidogo, hupati kitu. Akifungua Pennsylvania, ambako mahakama hupima ni jimbo lipi lenye maslahi zaidi katika shauri, ana hoja nzito ya kutumia sheria ya kwao. Hiyo ingempunguzia asilimia 10 tu, abaki na 90,000. Hata hivyo mwendo uliokatazwa barabarani hupimwa kwa sheria ya Virginia popote kesi iendako.

Muda nao una mtego. Virginia hutoa miaka 2 kudai fidia ya majeraha, Maryland miaka 3, na kwa kawaida mahakama hutumia ukomo wa jimbo lake. Aliyechelewa Virginia huenda akasikilizwa Maryland, ila kwa sharti kwamba mahakama ya huko ina mamlaka juu ya mdaiwa. Dereva asiye na uhusiano wowote na Maryland hafikiki. Tena yapo majimbo ambayo huazima ukomo mfupi wa kule kwenye ajali, kwa hiyo kuhesabu miaka 3 kwa raha zako ni kucheza kamari.

Kitu ambacho hata mawakili hukisahau: kama aliyekugonga hana bima, unaidai kampuni yako mwenyewe, na hayo ni madai ya mkataba. Katika kufasiri mkataba huo, Virginia na Maryland kwa kawaida hufuata sheria ya mahali ulipofungwa, si ya mahali pa ajali. Mpelekee wakili hati ya bima pamoja na ripoti ya polisi.

Mwanasheria wa madai ya ajali