Kabla hujapasuliwa tumbo

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mpendwa Clarisse,

Mama yako mdogo ameniambia kwamba mwezi wa nane unakwenda India kupasuliwa tumbo ili upunguze unene, kama nilivyofanyiwa mimi. Nimefurahi sana. Lakini kuna jambo moja ambalo daktari wangu alilisema nami nikalisikia kwa sikio moja tu: pombe.

Miezi minane baada ya kurudi kwangu kutoka kupasuliwa tulikwenda kwenye mahari ya binti wa jirani, kule Kamalondo. Unanijua, zamani chupa mbili kubwa za bia ya Simba hazikunifanya kitu. Siku ile nilikunywa nusu glasi. Bukari, ugali wetu, ilikuwa haijafika mezani, masikio yakawaka moto, taa za uani zikawa mbilimbili, nikashika kiti cha plastiki kwa mikono yote miwili. Baadaye kizunguzungu kikapungua, nikajiona mzima, nikadai ufunguo wa gari. Mume wangu alikataa katakata. Namshukuru hadi leo, maana pombe ilikuwa bado damuni.

Zamani tumbo lilikishika kinywaji, likakiachia polepole, na lenyewe likavunja sehemu ya pombe. Ukifanyiwa baipasi, yaani tumbo likagawanywa na kipande chake kidogo kikaunganishwa na utumbo, kinabaki kifuko cha mililita 30 hivi, na pombe inateremka moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Dakika chache iko kwenye damu, tena kali zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 uliwapima wanawake waliofanyiwa baipasi: glasi mbili zilionekana damuni kama nne. Wanaokatwa tumbo likabaki jembamba kama mkono wa shati nao wajihadhari.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Ile hali ya ghafla ilikuwa tamu. Nilikuwa siwezi tena kujituliza kwa chakula, kwa hiyo nikaanza kuitafuta kwa glasi: Ijumaa moja, halafu Jumatano, halafu peke yangu jikoni watoto wakiwa wamelala. Kumbe si mimi tu. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2012, uliona matatizo ya pombe yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa watu wa baipasi. Kabla ya kupasuliwa, wenye matatizo hayo walikuwa asilimia 7.6 ya wagonjwa wote, mwaka wa pili wakafika 9.6. Na mwaka wa pili ndio kila mtu anakusifu umependeza, hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Mimi nilirudi kwa daktari nikilia. Sasa ni miezi kumi sijagusa.

Waeleze nyumbani pia kwamba baada ya upasuaji huu sukari ya damuni inaweza kushuka, na pombe inaishusha zaidi. Wakikuona unatetemeka, unatoka jasho na maneno yanapotea, wasiseme amelewa, aachwe alale. Wakukimbize hospitali.

Ukipata tarehe kamili niandikie. Nitapanda basi nije Likasi nikae na watoto mpaka urudi, na kwenye sherehe ya kukupokea nitakaa kando yako, sote wawili na munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, usiochacha.

Wako,
Mama Ruth