Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wote, Mwaka 2024

Wapendwa wanachama wa chama chetu cha wagonjwa wa mawe kwenye figo, habari za majukumu. Semina mbili zimefanyika, wagonjwa tumewatembelea wodini, mkutano mkuu wa Juni umepita, hayo mnayajua. Wanachama tuko 84, waliolipa ada 31, zikapatikana sh. 930,000, matumizi 870,000, salio lipo kwa mhazini.

Sasa lile lililoleta maneno kwenye grupu mpaka watu wakajitoa. Ni kweli mimi ndo nilimkatalia yule muuzaji asidhamini mkutano wetu, na akirudi nitamkatalia tena. Fulana na chakula angetoa sawa, ila alitaka apewe muda awauzie vidonge, dozi moja sh. 180,000, pakti imechorwa kijidudu cha kijani kimejichimbia ndani ya jiwe, eti vinaua bakteria wadogo kupita wote ambao ndo wanatutengenezea mawe.

Nilikesha nikisoma habari hii kwa ajili yenu. Mwaka 1998 watafiti Kajander na Çiftçioğlu kule Kuopio, Finland, walisema wamewakuta hao "nanobakteria" kwenye mawe ya figo, watu wengi wakaamini. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani wakaja kuona DNA iliyodhaniwa ni yao inafanana na ya bakteria wa kawaida wanaochafua sampuli maabara, halafu 2008 watafiti wengine, Martel na Young, wakaonyesha vile vipunje vilivyodhaniwa ni bakteria ni madini ya kalsiamu yaliyoshikana na protini za damu, vinaongezeka wenyewe bila uhai wowote. Kitu kisicho hai utakiua vipi na kidonge jamani?

Mwenzetu mmoja alinijia juu kwamba bakteria wadogo sana wapo. Wapo, sijakataa! Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba bakteria aitwaye TM7x ameoteshwa maabara, katoka kinywani mwa binadamu, upana wake mikroni 0.2 mpaka 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), anaishi kwa kumng'ang'ania bakteria mwingine na kumnyonya. Jamaa zake wanaonekana kwa wingi kwa wenye ugonjwa wa fizi, lakini panya waliowekewa bakteria hao mdomoni, utafiti wa 2021, uvimbe na kulika kwa mfupa vilipungua. Sasa kama huyo anayefugwa kabisa maabara wanasayansi bado wanabishana ni adui au anasaidia, niwaache mtoe 180,000 kwa lipi?

Kilichoniuma zaidi, mkutano wa Juni walikuja 17, na waliolilia fulana sikuwaona, viti nilikodi kwa hela yangu.

Mwakani Mungu akipenda tutamleta daktari wa figo, na ikiwezekana mawe ya wanachama yapelekwe maabara yajulikane ni ya aina gani, maana wengi wetu tunatibiwa bila kujua. Kwa sasa tunywe maji, mkojo ufike kama lita 2 na nusu kwa siku, labda daktari wako awe amekukataza. Ada ni sh. 30,000, namba ya mhazini mnayo.