Barua ya wazi kwa mpwa wangu: tambiko lilitangulia kisa

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma ulichoandika kuhusu sikukuu za Wagiriki wa kale. Unasema kwamba walianza kusimuliana visa vya miungu, ndipo wakaweka sikukuu za kuvikumbuka. Mimi naamini ilikuwa kinyume chake: tambiko lilizaliwa katika kilimo na uchinjaji, na kisa kikatungwa baadaye ili kulieleza.

Chukua Bufonia, tambiko la kuchinja maksai lililofanywa kila mwaka kwa ajili ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, kwenye kilima cha Akropoli, Athens. Shayiri na ngano ziliwekwa madhabahuni, maksai wakapitishwa hapo, na yule aliyezila akapigwa shoka. Aliyempiga alilitupa shoka akakimbia. Nyama ililiwa, ngozi ikashonwa, ikajazwa nyasi kavu na kufungwa kwenye plau kana kwamba mnyama angali hai. Kisha ikaja kesi: wasichana walioleta maji ya kunolea shoka na kisu waliwatupia lawama walionoa, walionoa wakamtaja aliyekabidhi shoka, huyo akamtaja mchinjaji aliyemkata mnyama kwa kisu, naye mchinjaji akakitaja kisu, ambacho kwa kuwa hakikuweza kujitetea kilihukumiwa na kutupwa baharini. Watu waliomtegemea maksai kwa kulima waliona uzito wa kumuua, hata walipokuwa wakimla.

Sasa tazama visa vyenyewe. Kimoja kinasema aliyeua maksai kwa mara ya kwanza ni Sopatros, kingine Diomos, kingine Thaulon. Kama kisa ndicho kilichozaa tambiko, sioni kwa nini jina la mhusika mkuu litofautiane hivyo.

Katika Thesmoforia, sikukuu ya wanawake ya msimu wa kupanda, mabaki yaliyooza ya watoto wa nguruwe yalitolewa mashimoni na kuchanganywa na mbegu. Maana yake kwa mkulima iko wazi. Kisa cha nguruwe wa mchungaji Eubuleus, waliomezwa na ardhi siku Hades, mungu wa kuzimu, alipomteka Persephone, binti wa mungu wa kike wa nafaka, kinaonekana kuwa jibu la swali lililoulizwa baadaye.

Vibao vya udongo vya Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, vya takribani mwaka 1200 KK, vinaorodhesha sadaka za Poseidon, mungu wa bahari, zikiwemo ngano, divai, fahali, jibini na asali, bila kusimulia lolote. Ni kweli kwamba vibao hivyo viliandikwa na makarani wa ghala, kwa hiyo ukimya wao si ushahidi kamili. Hata hivyo, sadaka hizo zilikuwa zikitolewa karne kadhaa kabla ya tenzi za Homer, mshairi wa kale aliyesimulia visa vya miungu.

Wako,
Mjomba