Heri ya Krismasi kutoka Marangu

Ndugu, jamaa na marafiki, tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Mabasi ya kuja Kilimanjaro yamejaa kama kila Desemba, na nyumbani wamo waliotoka Dar, Mwanza na Arusha. Mbuzi ameliwa, mtori umenywewa.

Lakini mnajua ilivyo kwa watu wanaoonana mara moja kwa mwaka: habari za kazi, habari za watoto, kisha kila mtu na simu yake. Mwaka huu tumetandaza mezani ramani ya Afrika ya mbao, iliyokatwa nchi moja moja, tuipange wote. Mchezo huu ulianza hivyohivyo, kwa ramani: katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchoraji ramani wa London, alibandika ramani kwenye ubao na kuikata kwa kufuata mipaka, watoto wajifunzie jiografia.

Ramani yetu ni ya zamani, na utamu uko hapo. Sudan ni kipande kimoja kikubwa, kwani ilikatwa kabla ya Sudan Kusini kupata uhuru Julai 2011. Mjukuu akauliza Juba iko wapi; babu akakichukua kipande, akapitisha ukucha palipo mpaka wa leo. Bibi, ambaye macho yamepungua nguvu, anavitambua kwa kupapasa kingo. Pembe ya Somalia aliitaja kabla hatujafungua mdomo.

Shangazi yetu alifiwa na mumewe mwaka huu, na tangu afike alikuwa kimya. Alipoishika Zambia akaanza kusimulia: marehemu alifanya kazi TAZARA, na safari moja alimchukua kwa treni kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, wakila mihogo ya kuchoma waliyonunua dirishani. Alicheka. Watoto wakamsogelea, wakataka kujua treni ilipita wapi, naye akawaonyesha kwa kidole, Mbeya, Tunduma, mpaka ng'ambo. Kwangu mimi hiyo ndiyo Krismasi.

Mliofiwa mwaka huu, Mungu awafariji. Mlio zamu hospitalini na mlio barabarani, tunawaombea. Mlio mbali msioweza kuja, tumewataja kwa majina wakati wa sala.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya 🎄. Mkipita Marangu, karibuni mtusaidie: Togo na Benin zinatuchanganya, zote nyembamba na ndefu.